Mtoto anayetunza viatu vya wenzake: kipindi cha michezo ni cha nani?

Chaki na Filimbi (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita kazini, na kwa miaka tisa sasa ndimi mwalimu wa michezo wa shule yetu, jukumu ambalo kwa desturi hutupiwa mwalimu aliyeripoti karibuni kwa sababu tu anaonekana bado ana pumzi, na ambalo mimi nimelizeekea. Nafungua uzi huu kwa sababu ya mtoto mmoja wa darasa la tano, na kwa sababu ya viatu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Darasa lina watoto 58. Nilifanya kama nilivyofanya siku zote: nikatoa mpira mmoja wa miguu, wavulana 22 wakagawana timu mbili, nikatoa mpira wa netiboli uliokwisha kuvimba ubavuni, wasichana 14 wakaenda nao upande wa pili, kisha nikakaa chini ya mwarobaini na madaftari ya kusahihisha. Waliobaki walikuwa 22, idadi ileile ya waliokuwa wakicheza mpira wa miguu, na hesabu hiyo nyepesi sikuwahi kuifanya kabla ya siku hiyo. Miongoni mwao alikuwepo mvulana aliyechuchumaa karibu na goli, mbele ya viatu vya wachezaji, ambavyo alikuwa amevipanga jozi kwa jozi katika mstari ulionyooka kuliko mstari wowote wa paredi niliowahi kuusimamia. Nilimuuliza ni tangu lini anafanya kazi hiyo. Akajibu, "Tangu la tatu, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayetaja cheo chake.

Kwa zaidi ya miaka miwili mtoto huyo hakukosa kipindi cha michezo hata kimoja, na katika kumbukumbu zangu amehesabiwa kuwa amefundishwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kipindi hiki ni cha nani hasa. Nadhani mashuleni tumechanganya mashindano na somo. Mashindano humtafuta aliye bora na kumwacha aliyebaki, na hakuna ubaya, kwa maana ndiyo kazi yake. Somo huanzia kwa yule asiyejua. Hakuna mwalimu wa darasa la kwanza anayesema kwamba mtoto fulani hana kipaji cha kusoma, hivyo akae pembeni awatunzie wenzake vitabu. Angesema hivyo, wazazi wangefika shuleni kabla ya kengele ya saa nne. Lakini kwenye uwanja tunasema hivyo kila wiki, na hakuna mzazi anayekuja.

Kurusha, kudaka, kuruka na kutua bila kuumia, kusimama kwa mguu mmoja, kubadili mwelekeo ukiwa mbioni: haya hufundishwa hatua kwa hatua kama irabu na silabi. Mtoto aliyekulia karibu na uwanja na kaka watatu huja shuleni akiwa ameshayajua, nasi tukimwona tunasema ana kipaji. Mwenzake aliyekulia chumba kimoja cha kupanga, ambako kucheza nje ni kuingia barabarani penye bodaboda, huja hajui kudaka. Anajaribu mara mbili, anachekwa, kisha anajitafutia kazi ya heshima pembeni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kutoka jasho, na angalau siku 3 kwa wiki ziwemo zile nzito zinazoimarisha misuli na mifupa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kwa takwimu za nchi 146 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Ratiba ya shule yangu ina vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, yaani dakika 80 kati ya 420. Mtoto wa viatu alikuwa anapata sifuri katika hizo 80.

Msinijibu kwamba watoto wetu wanatembea kwenda shule na kuchota maji, kwa hiyo wanatosheka. Wapo wanaotembea kilomita nne, nami nawajua kwa majina. Lakini ndoo ya maji haimfundishi mtoto kudaka, na mijini wengi siku hizi wanapanda daladala au basi la shule, wanakaa darasani hadi alasiri, wanakaa tena tuisheni, halafu wanakaa mbele ya televisheni.

Tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika kwa awamu, tunalo somo linaloitwa Sanaa na Michezo, na kabla yake walimu wa rika langu tulifundisha Haiba na Michezo. Kwenye karatasi, basi, hatuna upungufu. Naomba michango yenu, hasa ya walimu na wazazi, kuhusu kinachotokea uwanjani.

Mama Wawili

Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho na mtoto wa viatu amenigusa. Hata hivyo, niruhusu niseme kile ambacho wazazi wengi tunakifikiri na hatukisemi kwenye vikao vya shule. Binti yangu mkubwa yuko darasa la saba. Mtihani wa taifa hauulizi nani anajua kudaka. Mwalimu wao wa Hisabati alipoomba achukue vipindi vya michezo ili amalize mada zilizobaki, sisi wazazi ndio tuliopiga makofi. Unatutaka tumwambie arudishe vipindi hivyo wakati ufaulu wa shule unabandikwa ukutani kila mwaka na hakuna anayebandika idadi ya watoto wanaoweza kuruka kamba?

Chaki na Filimbi

Mama Wawili, nakushukuru kwa kusema wazi, na ninakiri kwamba nami nimewahi kuazimisha vipindi hivyo kwa mwalimu wa Hisabati, nikalipwa soda.

Nikujibu kwa mfano mmoja ambao huwa naurudia kwenye ofisi ya walimu. Katika miaka ya 1970, eneo la Trois-Rivières, jimbo la Quebec nchini Kanada, watafiti walichukua watoto wa shule za msingi na kuwapa saa moja ya ziada ya elimu ya viungo kila siku ya shule, chini ya walimu waliosomea kazi hiyo. Saa hiyo haikutoka hewani. Ilikatwa kwenye masomo mengine, ambayo muda wake ulipungua kwa takriban asilimia 13. Kwa akili ya kawaida ungetarajia alama zishuke. Hazikushuka, na kwa baadhi ya madarasa zilikuwa afadhali kuliko za wenzao waliobaki darasani muda wote.

Sisemi kwamba ukimkimbiza mtoto atafaulu Hisabati. Asiyefundishwa sehemu hatazijua hata akikimbia hadi Morogoro. Ninachosema ni kwamba dakika 40 za ziada unazompa mwalimu wa Hisabati saa nane na nusu mchana, darasa lina joto, watoto 58 wamekaa watatu watatu kwenye dawati, si dakika 40 kamili. Nimesimama mbele ya darasa la aina hiyo. Nusu ya watoto macho yako wazi na hakuna mtu ndani.

Mlinda Goli Mstaafu

Nawasalimu nyote. Nilisoma shule ya msingi miaka ya 1980, enzi za mchakamchaka. Tuliamka alfajiri, tukakusanyika, ngoma mbele, nyimbo, tukazunguka kijiji kabla ya usafi na mstarini. Hakuna aliyeulizwa kama ana kipaji. Aliyekuwa na miguu alikimbia. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya shule, yaani UMISHUMTA na UMISSETA, yakasimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba yanaharibu taaluma, kisha yakarejeshwa. Ya shule za msingi yakapewa jina la UMITASHUMTA ili neno taaluma liingie ndani, kana kwamba michezo inahitaji kibali cha kuingilia shuleni.

Lakini nisiwapambie zamani. Mchakamchaka uleule ulikuwa na fimbo nyuma. Aliyechelewa alichapwa, na aliyechoka aliambiwa aruke kichura kuzunguka bendera. Nina umri wa miaka hamsini na kitu, na hadi leo nikisikia neno mazoezi magoti yanauma kabla sijaanza.

Mwalimu, hapo ndipo ningependa uweke mkazo. Tunawafundisha watoto kwamba mazoezi ni adhabu. Ukichelewa, zunguka uwanja mara tano. Ukipiga kelele, piga pushapu ishirini. Ukishindwa zoezi la Kiingereza, kichura. Halafu mtu huyohuyo akifika miaka arobaini, daktari anamwambia shinikizo la damu limepanda, afanye mazoezi, na tunashangaa kwa nini hafanyi.

Chaki na Filimbi

Kaka Mlinda Goli, umenikamata. Nimewahi kutoa adhabu ya kichura, tena kwenye kipindi chenyewe cha michezo, kwa watoto waliokuwa wakipiga soga pembeni, yaani wale ambao mimi mwenyewe sikuwapa cha kufanya. Tangu uandike jana nimelifikiria hilo na sina utetezi.

Mpenda Riadha

Mleta uzi, naheshimu hoja yako ila naona unaidharau UMITASHUMTA bila haki. Nchi hii katika historia yote ya Olimpiki ina medali mbili tu, fedha mbili za Moscow mwaka 1980, ya Filbert Bayi katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia pale Tokyo, na wote mnakumbuka kwamba mshindi alipatikana kwa kuangalia picha ya mstari wa kumalizia. Tukitaka wengine wa aina hiyo, ni lazima tuwachuje watoto mapema: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Huwezi kuwachuja kwa kumbembeleza kila mmoja aruke kamba. Na ni nani ajuaye, pengine mtunza viatu wako ndiye Simbu wa kesho.

Chaki na Filimbi

Mkuu, hoja hiyo ya mwisho ingenisaidia sana mbele ya afisa elimu, lakini sitaitumia. Mtoto yule hatakuwa Simbu. Ana mwili mzito kidogo, anahema akipanda ngazi za darasa la saba, na hapendi kusukumwa. Atakuwa fundi, au karani, au mwalimu kama mimi, naye atauishi mwili huohuo kwa miaka sitini mingine. Sehemu kubwa sana ya mifupa atakayoitegemea uzeeni inajengwa sasa, katika miaka hii ya kuruka na kutua, na dirisha hilo likifungwa halifunguliwi kwa kuhamasishana kwenye redio. Nisipomfundisha kwa sababu hatashinda, nitakuwa nimemnyima mtu anayehitaji somo hili kuliko wote.

Kuhusu UMITASHUMTA, mimi mwenyewe nimepeleka watoto hadi ngazi ya mkoa na nikalia uwanjani binti yetu aliposhinda mita 800 bila viatu. Siyadharau. Ila tuambiane jinsi timu zinavyopatikana: wiki tatu kabla ya mashindano ya kata, mwalimu anaita wale anaowajua tayari, wanafanya mazoezi jioni, na mwaka mzima uliobaki uwanja unalishia mbuzi. Huo mchujo unachuja kutoka kwa nani, ikiwa darasani hakuna aliyefundishwa?

Jirani wa Eldoret

Hamjambo ndugu zetu. Kwetu Kenya ugonjwa ni huohuo. Kipindi cha mazoezi ya viungo kilikuwepo kwenye ratiba miaka yote ya 8-4-4, mfumo wetu wa elimu wa zamani, na kwa kuwa hakikutahiniwa kikawa kipindi cha kumalizia silabasi. Sasa mtaala wa umilisi umekiunganisha na sanaa katika somo moja, kama ninyi mlivyofanya, na walimu wengi waliopewa somo hilo wamesomea kuchora au kuimba, hawajasomea viungo.

Ningependa kuongeza jambo kuhusu Iten, mji wetu wa wanariadha, kwa kuwa wageni wengi huitaja kana kwamba medali huota pale kama viazi. Colm O'Connell, mtawa kutoka Ayalandi, alifika shule ya St. Patrick's mwaka 1976 kufundisha Jiografia, wala hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alichofanya kwa miaka mingi ni kuwarudisha vijana kwenye mambo ya msingi: namna ya kusimama, namna ya kushusha mguu, namna ya kuzungusha mikono, mbio za polepole kabla ya za kasi. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012, alipita katika mikono hiyo. Kwa hiyo naona Mpenda Riadha na mleta uzi hamgombani sana. Hata bingwa huanza kwa kufundishwa kutembea upya.

Mwalimu wa Zamu

Mimi ni mwalimu wa kike, shule ya sekondari ya kata. Mmezungumza kirefu na hakuna aliyetaja sketi.

Katika uchambuzi ule ule wa nchi 146, wavulana wasiofikia kiwango ni asilimia 78 na wasichana ni asilimia 85. Kwangu sababu naziona kila Jumatano. Msichana wa kidato cha kwanza anacheza netiboli vizuri kabisa; akifika kidato cha pili anaanza kuumwa kichwa siku ya michezo tu. Nilidhani ni uvivu, hadi nilipokaa nao bila walimu wa kiume. Wakaniambia kwamba sketi inapanda wanaporuka na wavulana wamekaa kwenye ukuta wanawaangalia. Kwamba wakiwa katika siku zao hawana uhakika na kitambaa walichojisitiri nacho. Kwamba mlango wa choo cha karibu na uwanja hauna komeo. Na kwamba baada ya kipindi hakuna maji, hivyo watarudi darasani wakinuka jasho na kutaniwa hadi saa tisa.

Tulichofanya hakikugharimu mamilioni. Fundi alitia komeo mbili. Tuliruhusu suruali ya michezo chini ya sketi, na wenye hijabu wakavaa ya kubana isiyofunguka upepo ukivuma. Tulihamishia kipindi cha wasichana mwisho wa siku ili wakitoka uwanjani waende nyumbani. Wavulana tuliwaondoa ukutani kwa kuwapa kazi upande wa pili. Wenye maumivu ya kichwa walipungua kutoka kumi na tano hadi watatu, na hao watatu nawaamini.

Mama Wawili

Mwalimu wa Zamu, jana usiku nilimuuliza binti yangu kuhusu komeo. Hakunijibu, alinitazama tu. Leo nimempigia simu mwenyekiti wa kamati ya shule. Kuhusu Hisabati bado sijashawishika kikamilifu, ila nimeuliza pia vipindi vya michezo vya darasa la tatu, ambalo halina haraka ya mtihani kama la saba, vimekwenda wapi. Navyo vimeazimwa.

Kijana wa Ajira Mpya

Shikamooni walimu. Nimeripoti kazini mwezi wa tatu na tayari nimekabidhiwa filimbi. Shule ina watoto zaidi ya 900, mpira mmoja, na uwanja ambao nusu yake imejengwa madarasa mapya. Ruzuku ya uendeshaji ni ndogo, na ikishagawanywa kwenye chaki, mitihani na ukarabati, cha michezo ni jina. Naomba mleta uzi aniambie kwa vitendo anafanya nini sasa na hao watoto 58.

Chaki na Filimbi

Marahaba, mdogo wangu. Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na samahani kama jibu litakuwa refu.

Kwanza niliacha kutoa mpira mmoja. Mpira mmoja kwa watoto 58 ni sawa na kitabu kimoja kwa watoto 58, tofauti ni kwamba wenye nguvu ndio wanaokishika. Niliwaambia kila mmoja alete soksi isiyo na mwenzake. Kila nyumba inayo. Tulizijaza vitambaa na nailoni, tukazifunga kwa kamba ya katani kwa mtindo wa chandimu, zikapatikana mipira 11. Kamba za kuruka tulisokota wenyewe, nne ndefu. Fundi pikipiki alitupa matairi sita chakavu.

Kipindi kinaanza kwa dakika tano za kupasha mwili kwa rede ya haraka, kwa sababu rede wote wanaijua na hakuna anayebaki amesimama. Kisha wanagawanyika vikundi saba, vya watoto wanane au tisa, na kila kikundi kina kituo chake. Kituo cha kwanza ni kurusha mpira wa soksi ndani ya tairi lililosimamishwa. Cha pili ni kurushiana na kudaka, kwa umbali wa hatua tatu, tano, kisha saba, na hakuna kuongeza umbali kabla ya kudaka mara kumi mfululizo. Vingine ni kuruka kamba, kupita juu ya matairi kwa mguu mmoja, kukimbia kwa kupokezana kijiti, kuvuta kamba, na cha mwisho ni mdako, ambao watu hucheka nikiutaja, ila mwenye kudaka kokoto tano kwa mkono mmoja ana macho na vidole vinavyoelewana. Kila baada ya dakika nne napiga filimbi, wanahama. Zinabaki dakika kama saba za kukusanya vifaa na kunawa.

Kuhusu eneo, vituo saba havihitaji uwanja kamili. Vyangu viwili viko nyuma ya jiko na kimoja kwenye kivuli cha stoo. Ukiwa na nusu uwanja wewe ni tajiri.

Kila mtoto ana mstari wake kwenye daftari, na namlinganisha na nafsi yake ya wiki iliyopita. Hapo ndipo nilipopata shida na wachezaji wangu wazuri, ambao wiki ya kwanza waligoma kwa sababu walizoea kuwa wafalme. Niliwapa vituo wavisimamie na bado wananinunia siku nyingine, sitakudanganya. Mwalimu mkuu naye aliuliza kwa nini kuna kelele. Kipindi cha kuketi chini ya mwarobaini na madaftari kimekufa. Sasa nasahihisha nyumbani, na mke wangu ana maoni yake juu ya hilo.

Mmeniuliza faraghani kuhusu mtoto wa viatu. Wiki ya kwanza kwenye kamba aliruka mara mbili akanaswa, akaniomba aende kupanga viatu. Nilimwambia viatu vina likizo. Wiki ya pili mara tano. Alhamisi iliyopita alifika 17, wenzake wakihesabu kwa sauti, kisha akakosea kwa sababu alikuwa anacheka. Alipotoka nilimkuta ameinama karibu na stoo anazipanga kamba zote nne, ncha kwa ncha, zimenyooka kama zimepigwa rula.

Keshokutwa tunaongeza kituo cha nane. Aliye karibu na Kibaha na ana matairi chakavu ya pikipiki asiyatupe, aniandikie hapa, nitayafuata mwenyewe kwa toroli.